Huyu Namjua Mahali

Wasee, hii posti nimeikalia karibu mwaka mzima. Kila nikiianza naifuta, kwa sababu sio ile hadithi mtu anasimulia ndio aonekane wa maana. Lakini wiki jana mmoja wenu alinitumia klipu ya kamera ya duka, uso wa kijana umezungushiwa duara jekundu, na ujumbe mfupi: "Posti hii, watu wako wamtafute." Nikakataa. Akaniuliza kwa nini. Basi hili ndilo jibu, na ni refu kidogo.

Mwaka jana, Jumamosi moja asubuhi, nilisimama katikati ya Gikomba nikamnyooshea mtu kidole nikapiga nduru: "Mwizi! Huyo! Ndiye huyo!" Na sikuwa nabahatisha. Nilikuwa na uhakika ule wa tumbo kukaza na magoti kulegea.

Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimenyang'anywa simu usiku, karibu na daraja la kuvukia Thika Road. Kama unanifuata unajua simu kwangu ni nini: ndiyo kamera, ndiyo ofisi, ndiyo kodi ya nyumba. Niliacha kampasi mwaka wa pili karo iliposhinda watu wa nyumbani, na tangu hapo hiyo simu ndiyo ilikuwa inanilisha. Uso wa aliyeichukua niliuona sekunde mbili hivi, chini ya taa iliyokuwa inawaka na kuzima. Nilienda kituoni, nikapewa namba ya OB, nikaambiwa ningoje. Kwa hizo wiki tatu nilikuwa natembea nikikagua nyuso za watu kama soja wa geti.

Halafu Gikomba. Nilikuwa nimeinamia rundo la majaketi, nikainua kichwa, nikaona jamaa wa miaka thelathini na kitu ameshika viatu vya mtoto, anabishania bei. Kitu ndani yangu kikasema: huyu namjua. Nikatafuta jina, hakuna. Nikatafuta mahali, hakuna. Basi akili ikachukua jibu lililokuwa karibu zaidi, lile lililokuwa likiniuma kwa wiki tatu, ikamvisha. Nikapiga nduru.

Nitarudi hapo. Kwanza acheni niwapeleke mbali kidogo, kwa sababu nilipoanza kusoma niligundua kosa langu lina historia ndefu, na kuna watu walishalilipia kwa miaka ya jela.

Kijiji kilichomkubali mgeni

Mwaka 1548, katika kijiji cha Artigat kusini mwa Ufaransa, kijana aliyeitwa Martin Guerre alikosana na babake juu ya nafaka iliyoibwa. Akatoroka, akamwacha mke wake Bertrande na mtoto mchanga. Miaka minane ikapita. Mwaka 1556 akatokea mwanamume akasema yeye ndiye Martin. Dada zake Martin wakamkubali. Baba yake mdogo, Pierre, akamkubali. Bertrande naye akamkubali, wakaishi kama mume na mke zaidi ya miaka mitatu na wakapata watoto.

Kumbe hakuwa Martin. Alikuwa Arnaud du Tilh, mtu wa kijiji kingine. Ni mambo ya mali yaliyomgombanisha na Pierre, na hapo ndipo shaka ikafika mahakamani. Waliitwa mashahidi kama 150. Wengine wakaapa ni Martin. Wengine wakaapa ni Arnaud. Wengine wakasema wazi kwamba hawawezi kujua. Mwaka 1560 majaji wa Toulouse walikuwa wameanza kumwamini, mpaka mwanamume mwenye mguu wa mti akaingia mahakamani: Martin mwenyewe. Arnaud alinyongwa Septemba mwaka huo, palepale Artigat.

Ukisoma haraka utacheka, useme hao watu wa zamani walikuwa wajinga. Usicheke. Hawakuwa na picha. Walichokuwa nacho ni kumbukumbu ya miaka minane na mwanamume aliyeingia kwa nyumba inayofaa, akitumia jina linalofaa, akisimulia stori za utoto zinazofaa. Mahali palijaza mapengo yote ambayo uso haungeweza kuyajaza.

Mimi nilifanya kinyume chake. Artigat, mahali panapofaa palifanya sura ngeni ionekane ya nyumbani. Gikomba, mahali pasipofaa palifanya sura ya kila siku ionekane ya hatari. Lakini kosa ni moja: tunadhani tunasoma uso, na kumbe tunasoma uso pamoja na kila kitu kilichouzunguka.

Mtu aliyefungwa mara mbili kwa uso wake

Desemba 1895, London, mtu mmoja kutoka Norway, Adolf Beck, alikuwa akitembea Victoria Street. Mwanamke akamsimamisha, akamwambia yeye ndiye tapeli aliyemwibia saa na pete. Beck akaona anasumbuliwa bure, akavuka barabara kwenda kwa polisi kushtaki. Aliyekamatwa ni yeye aliyeshtaki.

Wanawake wengine waliotapeliwa kwa njia hiyohiyo wakaitwa wamtazame. Mmoja baada ya mwingine: ndiye huyu. Mwaka 1896 akahukumiwa miaka 7. Makosa yale yalifanana kabisa na ya tapeli mmoja aliyefungwa mwaka 1877 kwa jina la John Smith, na rekodi za jela zilionyesha Smith alikuwa ametahiriwa. Beck hakuwa ametahiriwa. Wakubwa walilijua hilo mwaka 1898, wakambadilishia namba ya mfungwa, wakamwacha ndani. Alitoka 1901. Mwaka 1904 akakamatwa tena, mwanamke mwingine akasema ndiye huyu, akapatikana na hatia tena! Alikuwa bado anangoja hukumu wakati polisi walipomshika tapeli mwenyewe akifanya mchezo uleule.

Beck alisamehewa, akalipwa fidia ya pauni 5,000, na aibu ya kesi yake ilichangia Uingereza kuanzisha mahakama ya rufaa ya jinai mwaka 1907. Alikufa 1909.

Wale wanawake hawakuwa waongo. Hiyo ndiyo sehemu iliyoninyima usingizi. Kila mmoja alisema kwa moyo safi, kama mimi.

Risasi na kioo

Sasa, hii kitu ndani ya kichwa inafanyaje kazi? Mengi tunayojua yalianza na watu ambao iliwaharibikia.

Mwaka 1923 daktari Mfaransa, Joseph Capgras, pamoja na mwenzake, waliandika juu ya mwanamke wa Paris aliyesisitiza kwamba mume wake na watoto wake wamebadilishwa, na waliopo ni watu waliofanana nao tu. Aliziona sura vizuri. Alikubali zinafanana. Lakini hazikumgusa, kwa hivyo akaamua ni bandia.

Mwaka 1947 daktari Mjerumani, Joachim Bodamer, akaandika juu ya wanajeshi waliotoka vitani na majeraha ya kichwa. Mmoja wao, kijana wa miaka 24 aliyepigwa risasi kichwani, hakuweza kuwatambua watu wake kwa kuwatazama, na hata uso wake mwenyewe kwenye kioo haukumwambia kitu. Macho yalikuwa yanaona. Aliweza kujua hapa ni pua, hapa ni mdomo. Kuwatambua watu alitegemea sauti, mwendo, nguo. Bodamer akauita ugonjwa huo prosopagnosia, kwa maneno ya Kigiriki ya uso na kutojua.

Weka hao wawili pamoja uone. Wa Paris alijua sura ni ya nani lakini hakuhisi chochote. Wa vitani alipoteza ile ya kujua. Mwaka 1990 wanasaikolojia wa Uingereza, Hadyn Ellis na Andrew Young, walipendekeza kwamba ni kama picha na kivuli chake: ubongo una njia mbili, moja inasema "huyu ni fulani" na nyingine inaleta ule joto wa "huyu ni wangu". Moja ikikatika, nyingine inaendelea na kazi kivyake.

Nilipofika hapo nilifunga simu nikatembea nje kidogo. Kwa sababu Gikomba, mimi mzima bila risasi wala ugonjwa, njia moja ilipiga kelele na nyingine ikanyamaza.

Muuza nyama ndani ya basi

Jambo hili kwa mtu mzima lina jina, na jina lake limetoka kwa muuza nyama.

George Mandler alizaliwa Vienna mwaka 1924, familia yake ikakimbia Wanazi akiwa kijana mdogo, na akaishia kuwa profesa wa saikolojia California. Mwaka 1980 aliandika makala iliyobaki kwenye vitabu kwa sababu ya mfano mmoja rahisi. Uko ndani ya basi. Unaona mtu. Una uhakika kabisa unamjua, lakini huwezi kusema ni nani wala mmeonana wapi. Unaanza kupekua: ni wa kazini? Ni wa televisheni? Baadaye ndipo inakujia: ni muuza nyama wa dukani! Ukimkuta nyuma ya kaunta na kisu mkononi haungejiuliza hata sekunde. Ni basi ndiyo imemficha.

Mandler alisema kutambua ni kazi mbili. Ya kwanza ni ile hisia kwamba sura si ngeni. Inakuja haraka na haiombi ruhusa. Ya pili ni kutafuta: wapi, lini, akifanya nini. Hiyo ni ya polepole, na inategemea sana vidokezo vya mahali. Ukiondoa kaunta, damu na aproni, umemwondolea msako ramani yake. Hisia inabaki inagonga mlango na hakuna wa kufungua.

Wewe mwenyewe yamekupata. Unakutana na mwalimu wako wa darasa la nne baharini amevaa kaptura. Unaona kondakta wa mathree yako amekaa kanisani na suti. Unasalimia "Sasa!" kwa nguvu, halafu dakika tano unaongea na mtu huku kichwa kinatafuta kama mtu aliyepoteza funguo.

Mwaka 1985 Andrew Young yuleyule na wenzake wawili walichukua watu 22 wakawapa daftari, waandike kila mara waliposhindwa kumtambua mtu au walipomkosea. Yalipokusanywa, mpangilio ukaonekana. Kuna waliosema "namjua, lakini sijui ni nani". Kuna waliosema "najua ni nani, kazi yake naijua, lakini jina limenitoka". Ambacho hakikupatikana ni mtu aliyekumbuka jina bila kujua lolote jingine juu ya mwenye jina. Mwaka 1986 Young na Vicki Bruce wakachora ngazi kutokana na mambo kama hayo: kwanza uso unagonga kama wa kawaida, halafu habari za mtu, mwisho kabisa jina. Unaweza kukwama daraja lolote. Kwenda juu bila kupitia la chini, huwezi.

Na ile daraja ya kwanza ina kasi ya ajabu. Ukimfungia mtu nyaya kichwani na kumwonyesha uso, umeme wa ubongo unabadilika baada ya takriban milisekunde 170, kabla hata hujamaliza kupepesa jicho. Mwaka 1997 Nancy Kanwisher na wenzake huko Marekani walionyesha, kwa mashine za kupiga picha ubongo ukiwa kazini, sehemu ndogo upande wa chini wa ubongo inayowaka zaidi kwa nyuso kuliko kwa vitu vingine. Hiyo mashine tunayo sote. Ni nzuri. Ndiyo inakufanya umjue mamako katikati ya umati wa stendi akiwa amevaa leso ambayo hujawahi kuiona.

Lakini ni nzuri kwa watu unaowajua. Kwa wageni ni kazi nyingine kabisa. Mwaka 2011 watafiti waliwapa watu picha 40 za nyuso, wazipange kwa mafungu, kila mtu na fungu lake. Zilikuwa picha za wanawake wawili tu, watu mashuhuri wa Uholanzi. Waholanzi waliowajua walitengeneza mafungu mawili, kazi ikaisha. Waingereza ambao hawakuwajua walitengeneza mengi, ya katikati yakiwa kati ya 7 na 8. Taa ikibadilika, nywele zikibadilika, kwao ni mtu mwingine. Sasa kumbuka mimi na ile taa ya Thika Road iliyokuwa inawaka na kuzima, sekunde mbili.

Baharia na mtu wa televisheni

Hapa ndipo nilipojiona mwenyewe kwenye kitabu.

Kuna kisa cha zamani cha karani wa tiketi kwenye stesheni ya reli aliyeibiwa kwa bunduki. Kwenye gwaride la utambulisho akamchagua baharia mmoja. Baharia alikuwa na ushahidi wa nguvu kwamba siku hiyo alikuwa kwingine. Karani alipoulizwa, akasema alimchagua kwa sababu sura yake haikuwa ngeni. Na haikuwa ngeni kweli! Kambi ya baharia ilikuwa karibu na stesheni, na alishawahi kununua tiketi kwa karani yuleyule mara tatu.

Cha pili ni cha Australia, miaka ya 1970. Mwanasaikolojia Donald Thomson, mtu aliyekuwa anachunguza kumbukumbu na ushahidi wa macho, alikamatwa kwa ubakaji. Mwanamke aliyeshambuliwa alimtambua bila kusita. Lakini wakati wa shambulio Thomson alikuwa studio, kwenye kipindi cha televisheni cha moja kwa moja, pamoja na afisa mkubwa wa polisi. Mwanamke alikuwa akitazama kipindi hicho wakati aliposhambuliwa. Uso wa kwenye skrini na unyama wa chumbani vilishonwa pamoja na uzi wa hofu.

Wataalamu wanaita hilo uhamisho usio wa kujua. Ile hisia ya "namjua" ni ya kweli, lakini imebandikwa anwani isiyo yake. Na ukiuliza uhakika, mtu atakuambia asilimia mia, kwa sababu hisia yenyewe haijamdanganya. Anwani ndiyo ya uongo.

Sheria yetu inasemaje

Msidhani haya ni mambo ya wazungu na maabara zao. Mahakama zetu zimepigana nayo kwa muda mrefu. Tangu 1936 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikuwa inaweka masharti ya gwaride la utambulisho, na mpaka leo polisi wa Kenya wanatakiwa wamweke mshukiwa kati ya watu wasiopungua 8 wanaomkaribia kwa umri, urefu na hali. Mwaka 1953, katika kesi ya Abdalla bin Wendo, mahakama hiyo ilionya kwamba ushahidi wa mtu mmoja aliyemtambua mshukiwa katika mazingira magumu lazima upimwe kwa uangalifu mkubwa kabisa.

Halafu 1980, katika kesi ya Anjononi, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilitofautisha vitu viwili: kumtambua mtu unayemjua na kumtambua mgeni. Ilisema ule wa kwanza unaaminika zaidi, kwa sababu unatokana na ujuzi wako wa huyo mtu. Ni kweli, na zile picha 40 zinakubaliana nayo. Lakini majaji wa Uingereza, kwenye kesi ya Turnbull ya 1976 ambayo mahakama zetu pia huitumia, walikumbusha kwamba hata ndugu na marafiki wa karibu hukosewa.

Mimi ningeongeza moja, na sio wakili. Kati ya mtu unayemjua na mgeni kuna mtu wa tatu: yule unayejua sura yake tu. Soja wa benki. Mama wa chapo. Mtu wa boda wa stage ya pili. Mjini tunaishi na mamia yao. Hao ndio walio hatarini zaidi, kwa sababu sura zao zimo ndani yetu bila majina wala historia, zinangoja tu mahali pa kubandikwa.

Gikomba tena

Sasa turudi.

Nikisema "mwizi" Gikomba Jumamosi, sijasema neno. Nimewasha kiberiti. Walimshika kabla hajageuka. Kofi la kwanza lilitoka kwa mtu ambaye mimi mwenyewe simjui. Viatu vya mtoto vikaanguka, mguu wa mtu ukavikanyaga, sikuviona tena. Kuna jamaa alikuwa ameshaokota jiwe.

Aliyemwokoa ni mama aliyekuwa anauza vile viatu. Alijisukuma katikati, akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya mzazi: "Wewe kijana, amekuibia nini? Lini? Wapi?"

Nikafungua mdomo. Nini, nilijua. Lini, nilijua. Wapi, nikasema Thika Road. Mama akasema, "Na ulimwonea wapi tena?" Hapo nikakosa jibu, kwa sababu nilijua nimemwona zaidi ya mara moja. Mwizi wa sekunde mbili hawezi kuwa umemwona mara nyingi.

Yule jamaa akainua kichwa, mdomo unatoka damu, akanitazama. Akasema, "Kijana, si mimi ndiye wa smokie? Pale geti. Wewe ni smokie mbili, kachumbari mingi, pilipili hapana."

Yote yakaja mara moja. Troli. Dastikoti ya buluu. Kofia. Mvuke wa mayai boilo, foleni ya saa mbili usiku tukitoka darasani, na yeye akipasua smokie bila kuangalia kisu. Karibu miaka miwili alinilisha. Mara kadhaa alinikopesha, kwa sababu pesa ya HELB ilikuwa imechelewa. Uso wake niliujua kuliko uso wa lekchara yeyote. Lakini nilikuwa sijawahi kumwona bila troli. Yeye alinijua popote, hata na chakula changu. Mimi nilijua uso tu, na nikaubandikia wizi.

Watu waliachilia mkono mmoja mmoja. Hakuna aliyeomba msamaha, walirudi tu kwa bei za nguo. Nilikuwa na mia nane ya jaketi, nikampa yote. Akahesabu, akachukua mia tano, akanirudishia mia tatu. "Hii ni ya viatu," akasema, akaenda.

Simu sikuipata. Na kuna kitu kingine nimepoteza: siku hizi nikijaribu kukumbuka uso wa mwizi pale darajani, ninayemwona ni jamaa wa smokie. Najua si yeye. Nimekula naye karibu miaka miwili. Lakini picha imeshabadilika na siwezi kuirudisha. Mkiniita mahakamani leo, mimi ni shahidi bure.

Ndiyo maana siposti nyuso. Klipu ya kamera ya duka ni ya giza, ya pembeni, ya sekunde chache. Nikiwawekea nyinyi maelfu na swali "Mnamjua?", kuna mtu lazima atasema namjua. Na atakuwa anasema ukweli! Atakuwa anamjua kutoka stage, kutoka gym, kutoka mazishi ya jirani. Halafu kuna mwingine atajua anapokaa. Na mahali anapokaa hakutakuwa na mama wa viatu wa kuuliza wapi. Ukiwa na klipu ya wizi, ipeleke kituoni. Najua wengine mtaniambia polisi hawafanyi kitu. Hata mimi nilipewa namba ya OB nikaambiwa ningoje, najua uchungu wake. Lakini uchungu wangu haukumfanya yule jamaa kuwa mwizi.

Ukisikia moyo unasema "huyu namjua", mwamini. Halafu jiulize maswali ya yule mama: wapi, lini, akifanya nini. Usipopata jibu, ulicho nacho ni salamu tu. Msalimie.

Nimerudi kwa lile geti mara mbili. Kuna kijana mwingine na troli, hajui mwenzake alienda wapi. Nimemwachia namba yangu mpya na mia tatu. Bado nangoja.